Mzigo Juu ya Mteremko

Wilaya za Karagwe na Kyerwa zimo katika Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Zamani zilikuwa wilaya moja. Mwaka 2012 Wilaya ya Kyerwa ilianzishwa kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Karagwe. Nchi hiyo ni ya vilima na mabonde, na ng'ambo ya Mto Kagera ziko nchi za Rwanda na Uganda. Wakulima wa huko hulima migomba, kahawa na maharage.

Ukipita katika barabara itokayo Omurushaka kupitia Nkwenda na Kaisho hadi Murongo, utawaona watu wakisukuma baiskeli zilizofungwa mikungu ya ndizi. Mtu anayepanda kilima na mzigo kama huo huinama mbele, hunyosha mikono, na jasho humtiririka. Afikapo kileleni husimama akapumua. Lakini mtu aliyeizoea kazi hiyo hajidanganyi kwamba taabu imekwisha. Anajua kwamba kupanda huchosha, bali kushuka huweza kuua.

Mzigo ni ule ule, baiskeli ni ile ile, na kilima ni kile kile. Kwa nini basi mzigo uwe mgumu kupandishwa, kisha uwe mgumu kuzuiwa? Katika somo hili utajifunza kani zinazotenda kazi juu ya kitu kilichowekwa kwenye mteremko. Ukizielewa kani hizo utaweza kujibu swali hilo. Tena utajua namna ya kujilinda wewe mwenyewe na kuwalinda wenzako.

1. Kitu kilicho mahali tambarare

Umekwisha kujifunza kwamba kani ni msukumo au mvuto. Dunia huvuta kila kitu kuelekea chini. Mvuto huo juu ya kitu ndio uzito wa kitu hicho. Kani hupimwa kwa nyutoni, kipimo kilichopewa jina la mwanasayansi Isaac Newton wa Uingereza. Kitu chenye kilo 1 huvutwa na Dunia kwa kani ya nyutoni 10 hivi. Kwa hiyo jiwe la kilo 2 lina uzito wa nyutoni 20.

Weka jiwe juu ya meza. Dunia inalivuta, lakini jiwe halianguki. Kwa nini? Kwa sababu meza inalisukuma jiwe kuelekea juu kwa kani iliyo sawa na uzito wake. Kani hizo mbili ni sawa, nazo zimeelekea pande zinazopingana. Kwa hiyo jiwe linatulia.

2. Jaribio la kwanza: Jiwe huanza kuteleza lini?

Vifaa: ubao laini wenye urefu wa sentimita 120, jiwe bapa, matofali machache, rula, kipande cha gunia na maji ya sabuni.

Njia: Laza ubao chini. Weka jiwe juu yake, karibu na ncha moja. Inua ncha hiyo polepole, na mwenzako aweke matofali chini yake. Endelea hivyo mpaka jiwe lianze kuteleza. Pima kimo cha ncha iliyoinuliwa, kisha ukiandike katika daftari lako.

Rudia jaribio, lakini safari hii funga kipande cha gunia chini ya jiwe. Rudia mara ya tatu bila gunia, baada ya kuupaka ubao maji ya sabuni.

Umeona nini? Mwanzoni jiwe lilikaa pale pale ingawa ubao ulikuwa umeinama. Kulikuwa na kani iliyolishika. Kani hiyo ni msuguano, nayo hutokea pale vitu viwili vinapogusana. Msuguano hupinga mwendo. Gunia liliongeza msuguano, kwa hiyo ulilazimika kuinua ubao zaidi kabla ya jiwe kuteleza. Maji ya sabuni yalipunguza msuguano, kwa hiyo jiwe liliteleza mapema.

3. Uzito hufanya kazi mbili

Sasa tufikiri. Dunia huvuta jiwe wima kuelekea chini, hata kama jiwe liko juu ya mteremko. Lakini jiwe haliwezi kwenda wima kuelekea chini kwa sababu ubao umeziba njia. Njia iliyo wazi ni moja tu, yaani kufuata ubao. Basi uzito wa jiwe hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Sehemu moja ya uzito hukandamiza ubao. Sehemu nyingine hulivuta jiwe kufuata mteremko. Sehemu hii ya pili tutaiita kani ya kuteremka.

Ili uhakikishe jambo hili, funga jiwe kwa kamba, uliweke juu ya ubao, kisha shika kamba kwa mkono mmoja. Mwambie mwenzako ainue ubao polepole. Ubao ukiwa umelala, kamba imelegea, na ubao umebeba uzito wote. Ubao unapoinuka, kamba inakaza. Kadiri ubao unavyozidi kuinuka, ndivyo mkono wako unavyozidi kuvutwa. Mwisho ubao unaposimama wima, jiwe linaning'inia, na mkono wako umebeba uzito wote. Ubao haukandamizwi tena.

Kumbuka kwamba uzito wa jiwe haukubadilika hata kidogo. Lililobadilika ni mgawanyo wake. Mteremko ukiwa mkali, kani ya kuteremka huongezeka na kani ya kukandamiza hupungua.

4. Jaribio la pili: Kupima kani ya kuteremka

Vifaa: ubao wa sentimita 120, kigari cha magurudumu kilichotengenezwa kwa mbao au kopo, mchanga, mizani ya springi na matofali.

Njia: Tia mchanga ndani ya kigari mpaka kigari na mchanga viwe na kilo 2 kwa pamoja. Kining'inize kigari kwenye mizani, usome uzito wake. Kisha inua ncha moja ya ubao kwa kimo cha sentimita 15. Weka kigari juu ya ubao, ukizuie kwa mizani, na usome tena. Rudia kwa kimo cha sentimita 30 na sentimita 60.

Kama shule yako haina mizani ya springi, tumia ukanda mwembamba uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli. Ukanda ukivutika sana, kani ni kubwa. Ukivutika kidogo, kani ni ndogo.

Ikiwa magurudumu ya kigari yanazunguka vizuri, vipimo vyako vitakaribia hivi:

Kimo cha sentimita 15: nyutoni 2.5
Kimo cha sentimita 30: nyutoni 5
Kimo cha sentimita 60: nyutoni 10
Kigari kikining'inia: nyutoni 20

Ukikivuta kigari kupanda, mizani itasoma zaidi kidogo, kwa sababu unashindana na msuguano pia.

Tazama hesabu hizo kwa makini. Sentimita 30 ni robo ya sentimita 120, na nyutoni 5 ni robo ya nyutoni 20. Sentimita 60 ni nusu ya sentimita 120, na nyutoni 10 ni nusu ya nyutoni 20. Kwa hiyo tunapata kanuni hii:

Kani ya kuteremka = uzito × kimo ÷ urefu wa mteremko

5. Mnyororo wa shanga wa Simon Stevin

Kanuni hii ilielezwa zamani na Simon Stevin, mtaalamu wa hesabu aliyezaliwa mwaka 1548 katika mji wa Bruges, ambao leo umo nchini Ubelgiji. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1586 alichora pembetatu iliyosimama, yenye mteremko mrefu upande mmoja na mteremko mfupi upande wa pili. Urefu wa mteremko mmoja ulikuwa mara mbili ya mwingine. Kisha akachora mnyororo wa shanga kubwa zilizo sawa, umeizunguka pembetatu hiyo. Shanga 4 zilikaa juu ya mteremko mrefu, na shanga 2 juu ya mteremko mfupi. Nyingine zilining'inia chini.

Stevin alijiuliza kama mnyororo huo utazunguka wenyewe. Alijibu kwamba hauwezi, kwa maana ukianza kuzunguka hautakoma milele, kwani kila shanga iondokapo nyingine hushika nafasi yake. Kwa hiyo shanga 2 za upande mkali zinalingana kabisa na shanga 4 za upande wa taratibu. Mteremko ukiwa na kimo kile kile lakini urefu wake ni mara mbili, mvuto wa kila shanga huwa nusu tu. Hivyo Stevin aliifikia kanuni yetu kwa kufikiri tu.

6. Mteremko ni mashine rahisi

Watu wanapopakia kahawa ndani ya lori, mara nyingi huegemeza ubao kwenye lori hilo. Tuseme gunia lina kilo 60, yaani uzito wa nyutoni 600. Tuseme pia kwamba sakafu ya lori iko mita 1 kutoka ardhini, na ubao una urefu wa mita 3. Bila ubao, wapakiaji watainua nyutoni 600. Wakilivuta gunia juu ya ubao, kani ya kuteremka ni 600 × 1 ÷ 3, yaani nyutoni 200. Hapo tunaongeza jitihada ya kushinda msuguano.

Je, wapakiaji wamepata kitu cha bure? La. Wamepunguza kani, lakini wameongeza umbali. Badala ya mita 1 wamevuta mita 3. Zidisha nyutoni 600 kwa mita 1, kisha zidisha nyutoni 200 kwa mita 3. Majibu ni sawa. Mteremko haupunguzi kazi. Huigawanya tu kazi ile ile katika safari ndefu, ili binadamu aiweze.

Hii ndiyo sababu njia nyingi za milimani hazikupandi moja kwa moja hadi kileleni, bali huzunguka. Katika Mlima Kitonga, mkoani Iringa, barabara kuu hupinda mara nyingi ili magari mazito yaweze kupanda. Safari huwa ndefu zaidi, lakini kila mita ya barabara huwa na mwinuko mdogo zaidi.

7. Hatari ya kushuka

Sasa turudi kwa baiskeli yetu ya Karagwe. Tuseme imebeba mikungu 4 ya ndizi, kila mkungu kilo 25. Mzigo wote ni kilo 100. Baiskeli yenyewe ina kilo 20. Jumla ni kilo 120, yaani uzito wa nyutoni 1,200.

Katika barabara inayoshuka mita 1 kwa kila mita 10, kani ya kuteremka ni nyutoni 120. Katika kilima kikali, kinachoshuka mita 1 kwa kila mita 5, kani hiyo ni nyutoni 240. Ni sawa na kushikilia kamba yenye mzigo wa kilo 24 unaoning'inia kisimani, uzito unaozidi ndoo ya maji ya lita 20 iliyojaa. Mtu ashukaye kilima hicho hana budi kuushikilia mzigo huo njia nzima, bila kuuachia hata mara moja.

Sasa tuseme mtu huyo mwenye kilo 60 anaipanda baiskeli yake badala ya kuishika akitembea. Jumla huwa kilo 180. Katika kilima kile kile kani ya kuteremka huwa nyutoni 360. Ameongeza kani inayomwangamiza, na wakati huo huo ameiondoa miguu yake ardhini. Angalitembea, uzito wake ungalibebwa na miguu yake, na nyayo zake zingalimsaidia kuizuia baiskeli.

Yako mambo mengine matatu ya kufikiria.

Kwanza, magurudumu hutengenezwa ili yapunguze msuguano. Tofali likiwekwa juu ya mteremko huweza kutulia, lakini baiskeli haitulii. Msuguano unaoizuia baiskeli hutoka hasa kwenye breki. Breki za mpira hubana ukingo wa gurudumu. Mvua inyeshapo, ukingo hulowa, na msuguano hupungua. Udongo nao huteleza, na nyayo hazishiki. Wapo vijana wazuiao gurudumu kwa soli ya kiatu. Soli si breki ya kutumainiwa.

Pili, kilima kinapokuwa kikali, kani ya kuteremka huongezeka na kani ya kukandamiza ardhi hupungua. Msuguano hutegemea kukandamiza. Kwa hiyo pale unapouhitaji msuguano zaidi, ndipo unapoupata kidogo zaidi.

Tatu, kani ya kuteremka haichoki. Mtu huchoka, na breki hulika, lakini Dunia haiachi kuvuta. Kama breki zinazuia kwa nyutoni 240 na mteremko unavuta kwa nyutoni 240, mwendo haubadiliki. Breki zikizuia kwa nyutoni 200 tu, zinabaki nyutoni 40, na hizo huongeza mwendo kila sekunde mpaka mwisho wa kilima. Ndiyo maana baiskeli iliyoanza kushuka taratibu huweza kufika bondeni kama mshale.

Lori nalo hutii kanuni hiyo hiyo. Lori la tani 10 lililosimama katika mteremko wa mita 1 kwa kila mita 10 huvutwa kwa kani iliyo sawa na uzito wa tani 1. Mikono ya watu wawili au watatu haiwezi kulizuia. Ndiyo sababu utingo huweka kabari au jiwe kubwa nyuma ya gurudumu kabla lori halijaanza kurudi.

Kwa hiyo shika maagizo haya:

(a) Kagua breki kileleni, kabla ya kuanza kushuka. Katikati ya kilima umechelewa.
(b) Shuka ukitembea na kuishika baiskeli yenye mzigo. Usiipande.
(c) Mzigo ukiwa mzito mno, ugawe, ushuke mara mbili.
(d) Usining'inie kwenye baiskeli au lori linalopanda au kushuka kilima.
(e) Usisimame wala usicheze upande wa chini wa gari lililosimama mlimani.
(f) Baiskeli ikikushinda, iachie, ukae kando. Piga kelele kuwaonya walio chini. Ndizi zitaota nyingine, lakini mtu haoti tena.

8. Mambo ya kukumbuka

Uzito wa kitu haubadiliki kikiwekwa juu ya mteremko. Hugawanyika. Sehemu moja hukandamiza mteremko, na nyingine hukivuta kitu kuteremka. Mteremko mkali huongeza kani ya kuteremka, na mteremko wa taratibu huipunguza. Msuguano hupinga mwendo. Mteremko hupunguza kani tunayotumia kupandisha mzigo, lakini huongeza umbali.

Maswali

1. Taja kani tatu zinazotenda kazi juu ya jiwe lililotulia kwenye ubao ulioinama. Kila moja imeelekea upande gani?

2. Pipa la kilo 80 linavingirishwa juu ya ubao wa mita 4 ili lifike kwenye jukwaa lenye kimo cha mita 1. Kani ya kuteremka ni nyutoni ngapi?

3. Mama mmoja aweza kupita njia fupi iliyo kali au njia ndefu iliyo ya taratibu ili kufikisha ndoo ya maji nyumbani kwake kilimani. Njia ipi itamtaka jitihada ndogo kwa kila hatua? Njia ipi ina hatua nyingi?

4. Wakulima wa milimani hutandaza nyasi kavu katika mashamba ya migomba, na huchimba makinga maji yanayokata mteremko. Eleza, ukitumia uliyojifunza, kwa nini maji ya mvua hukimbia zaidi mahali penye mteremko mkali, na jinsi nyasi na makinga maji yanavyoyazuia.

5. Tafuta njia yenye mwinuko karibu na shule yako. Pamoja na mwalimu wako, pima urefu wa sehemu moja ya njia hiyo na kimo chake. Kisha piga hesabu ya kani ya kuteremka juu ya baiskeli yenye mzigo, jumla kilo 100. Waeleze watu wa nyumbani kwako jibu ulilopata, na maana yake kwa mtu anayeshuka hapo wakati wa mvua.